NAKALA IPO, JE, ITARUDI LINI?

Hotuba ya Ofisi ya Katibu, iliyosomwa Mwandiga katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, mizani, mashine za kukamua mawese na bei ya kahawa, nao wameeleza vema kuliko tuwezavyo sisi. Kwa hiyo tumeona yafaa tuseme habari ya kitu kimoja ambacho hakionekani ghalani wala hakipigiwi makofi, nacho ni kumbukumbu za Chama: zinavyotunzwa, na zinavyorudi zikipotea. Twajua ya kuwa neno hili ni kavu kwa siku ya sherehe. Hata hivyo tumelichagua kwa makusudi, maana katika miaka hii kumi hakuna jambo lililokaribia kuuvunja uaminifu kati yenu na ofisi yenu kama hili. Na mwenye kukosa ni vema akiri mbele ya wale aliowakosea.

Tulipoanza, kumbukumbu zetu zilikuwa madaftari makubwa yenye jalada gumu, yaliyowekwa kabatini na kufungwa kwa kufuli. Baadaye Chama kilinunua kompyuta kuu, ile ambayo mafundi huiita seva, ikawekwa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi. Tangu hapo, kila mkulima afikapo kwenye mzani wa chama chake cha msingi, karani hupima, huandika stakabadhi, kisha huipiga picha. Picha hiyo huingia katika seva kama faili moja. Picha ya mzani unaoonyesha kilo huingia kama faili la pili. Sahihi ya mkulima, au alama ya dole gumba lake, huingia kama faili la tatu. Utaratibu huo ni mzuri, nasi hatuujutii, kwa kuwa umeondoa ugomvi mwingi wa kilo uliokuwa ukituchosha zamani.

Lakini natufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Mkulima mmoja akileta mazao mara 20 katika msimu, na kila mara ikaacha mafaili 3, yeye peke yake ameacha mafaili 60. Wakulima 3,000 wakifanya hivyo, msimu mmoja umeacha mafaili 180,000. Misimu kumi ni mafaili 1,800,000. Kila faili ni dogo mno, lakini idadi yake ni kama ya dagaa wa ziwa letu usiku wa giza, taa zikiwaka. Hesabu hii tunawaomba muishike, maana tutairudia.

Sasa tuwaeleze yaliyotupata. Asubuhi moja, katika majuma ya malipo ya pili ya kahawa, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya tatu, seva haikuamka. Fundi akaja, akafungua, akatazama, akasema ya kuwa diski zimekufa. Tulishtuka, lakini hatukuogopa sana, kwa sababu nakala ya akiba tulikuwa nayo. Kila usiku seva ilikuwa ikinakili habari zake mpya katika diski nyingine iliyokaa chumba cha pili. Zaidi ya hayo, katika Mkutano Mkuu uliotangulia mwanachama mmoja alisimama akauliza, "Je, nakala ya kumbukumbu zetu ipo?" Nasi tukajibu bila kusita, "Ipo." Jibu hilo lilikuwa la kweli. Mkutano ukaridhika, tukaendelea na ajenda nyingine.

Fundi akaweka diski mpya, akaunganisha nakala, akaanza kazi ya kurejesha saa nne ya asubuhi. Hata ilipofika saa sita, kioo cha kompyuta kilionyesha ya kuwa zaidi ya nusu ya mzigo umekwisha kurudi. Basi tukatuma habari kwa makatibu wa vyama vya msingi kwamba watu waje kesho, malipo yatakuwa tayari. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu la kwanza. Programu ile ilikuwa ikirejesha mafolda kwa kufuata alfabeti. Ile nusu iliyorudi upesi ilikuwa ni folda ya filamu za mafunzo ya kilimo, yenye mafaili machache makubwa. Yalipokwisha, ikafika zamu ya folda tuliyoiita "Hati za Mizani", ambamo mlikuwa na vijifaili vyote vya stakabadhi. Hapo mwendo ukawa wa kinyonga. Saa moja ya jioni ile alama ya mzigo uliorudi ilikuwa imesogea kidogo tu. Usiku umeme ukakatika, na asubuhi kazi ikaanzishwa tena tokea mwanzo, kwa kuwa programu haikukumbuka ilikoishia. Nayo orodha ya malipo, ambayo ndiyo watu walikuwa wakiingojea, ilikuwa katika folda ya "Malipo", nyuma ya mlima huo wote; maana herufi H hutangulia M.

Siku ya pili watu walijaa uwanjani, na siku ya tatu wakaongezeka. Walikuwamo waliotembea tangu alfajiri kutoka milimani. Walikuwamo wazazi ambao watoto wao walikuwa wakingoja nauli na sare ili warudi shuleni. Wengine walinong'ona ya kuwa fedha zimeliwa, na kwamba habari ya diski ni hadithi ya kuwapumbaza wakulima. Hatuwezi kuwalaumu. Mtu aliyekwisha kukabidhi mazao yake, kisha akaambiwa angoje kompyuta, ana haki ya kushuku. Wakati huo huo tulisikia ya kuwa wachuuzi wanapita vijijini wakitoa fedha taslimu kwa kahawa ya msimu ujao, nayo ingali maua. Kila siku iliyopita iliwapa wachuuzi hao nguvu, na kuupunguzia Chama wanachama wake.

Siku ile ya tatu alifika mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Kalinzi. Alifungua pindo la kitenge chake akatoa vipande vya stakabadhi, navyo vilikuwa vimefungwa kwa uzi, msimu mmoja mmoja fungu lake. Karani alichukua fungu la msimu ule, akajumlisha, akalinganisha na daftari la mzani la chama chake cha msingi. Na katika dakika chache tulijua anadai kiasi gani. Kwa idhini ya Bodi alilipwa sehemu ya fedha zake jioni ile ile. Tuliwalipa vivyo hivyo wengine waliotunza vipande vyao. Lakini wengi walikuwa wamevipoteza, nao walisubiri hata siku ya tano.

Ndugu wanachama, tulitazama yale mafungu ya uzi, kisha tukatazama seva yetu, tukaona haya. Mama yule alikuwa ametunza kumbukumbu zake kwa namna inayorudi upesi. Sisi tulikuwa tumezitunza zetu kwa namna isiyopotea, lakini isiyorudi upesi. Mambo hayo mawili si mamoja.

Pengine mtu atauliza: kwa nini vitu vidogo vichelewe kuliko vikubwa, na uzito wake ni mdogo? Jibu twalijua wenyewe kwa kazi zetu. Mpe kijana dumu la mawese alipeleke sokoni, atalibeba kichwani mara moja na kufika. Mpe chikichi za uzito ule ule, umwambie azipeleke moja moja, na kila moja aiandikishe jina mlangoni, aulizwe ni ya nani, aonyeshwe mahali pa kuiweka, kisha arudi kuchukua nyingine: hatamaliza leo wala kesho. Uzito haukubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya safari, na maswali ya mlangoni.

Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo. Kila faili, hata likiwa dogo kama kikaratasi, hupokewa kama mgeni. Yataka jina lake liandikwe katika orodha ya folda. Yataka nafasi itafutwe katika diski. Yataka iandikwe ni nani mwenye ruhusa ya kulisoma, na tarehe yake ni ipi. Kisha faili hufungwa. Iwapo kompyuta ina programu ya kulinda virusi, yule mlinzi naye humkagua kila mgeni. Diski za kawaida huwa na sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta mahali pa kuandika. Safari moja ya mkono huo huchukua kadiri ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni muda mfupi sana; lakini faili moja lahitaji safari kadhaa, na mafaili yetu ni mengi.

Turudie ile hesabu ya mfano. Chukueni ya kuwa kila faili ni la kilobaiti 50 tu. Mafaili 1,800,000 yatakuwa gigabaiti 90. Iwapo gigabaiti hizo zimo katika faili moja, na diski yaandika megabaiti 100 kwa sekunde, kazi yote ni sekunde 900, yaani robo saa. Lakini zikiwa mafaili mbalimbali, na kila moja likichukua sehemu ya ishirini ya sekunde, kazi ni sekunde 90,000, yaani saa 25. Mzigo ni ule ule, diski ni ile ile, na tofauti ni mara mia. Ongezeni hapo kukatika kwa umeme na kuanza upya, mtaelewa siku zetu tano zilitoka wapi.

Twawaomba mtambue pia kwa nini hatukuliona jambo hili mapema. Kila usiku nakala ilichukua muda mfupi, maana seva ilinakili yale mapya ya siku ile tu. Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, nasi tuliweka akiba yetu haba na haba, usiku baada ya usiku, kwa miaka. Lakini siku ya msiba tulitaka kibaba chote kirudi kwa siku moja, kupitia mlango ule ule mwembamba. Hakuna usiku wowote uliotuonya, kwa sababu hakuna usiku wowote tuliojaribu safari ya kurudi.

Mfano mkubwa wa jambo hili hauko mbali. Upo katika ziwa letu, nao ni meli ya Liemba, ambayo wazee wengi walio hapa wamepata kuipanda. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Kwa kuwa hapakuwa na njia ya majini ya kuifikisha Tanganyika, ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kisha ikaletwa kwa reli upande huu wa Kigoma. Makasha yalifika, lakini makasha si meli. Ilibidi kila kasha lifunguliwe, kila bamba litafutwe mahali pake, na kila ribiti ipigwe. Meli ilishushwa majini mwezi wa Februari mwaka 1915.

Haikupita miaka miwili, ikawa zamu ya kuificha. Mwezi wa Julai mwaka 1916, walipoona wanashindwa vitani, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nyingi, ili siku moja ipate kuinuliwa na kutumika tena. Walikuwa na busara, maana injini hazikuharibika. Lakini Waingereza waliiinua mwaka 1924, na ilirudi kazini kwa jina la Liemba mwaka 1927. Akiba ile ilitunzwa vema kabisa, hata hivyo ilirudi baada ya miaka kumi na mmoja. Aliyepaka grisi alihakikisha kwamba meli haitaharibika. Hakuweza kuhakikisha kwamba itarudi upesi. Sisi nasi tulipaka grisi, tukadhani tumemaliza kazi.

Wala msidhani ya kuwa shida hii ni ya watu wa vijijini tu. Tarehe 31 Januari mwaka 1967 ingekuwa habari ya kale; lakini twawaambia ya tarehe 31 Januari mwaka 2017, siku ambayo mtumishi wa kampuni iitwayo GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima, alifuta kwa bahati mbaya habari za seva kuu. Kampuni hiyo ilikuwa na njia kadhaa za kuweka nakala. Walipozitazama siku ile waligundua ya kuwa njia zilizotegemewa hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kadiri ya saa sita kabla, na kuirejesha kulichukua saa nyingi kwa sababu diski ilikokuwa zilikuwa za mwendo wa polepole. Huduma ilisimama kadiri ya saa 18. Jambo la kusifiwa ni kwamba hawakuficha. Waliandika kosa lao waziwazi ili wengine wajifunze, nasi tumejifunza kwao.

Kadhalika shida ya vijifaili vingi imewapata wakubwa. Mwaka 2010 wahandisi wa Facebook walieleza jinsi walivyokuwa na picha zipatazo bilioni 260, na kila picha ikiwa faili peke yake, diski zilipoteza nguvu nyingi kwa kutafuta tu mahali picha ilipo. Dawa waliyoitumia ni kuzifunga picha nyingi ndani ya faili moja kubwa, pamoja na orodha fupi ya kuonyesha kila picha iko wapi. Na dawa hiyo yenyewe si mpya. Programu iitwayo tar, ambayo hukusanya mafaili mengi na kuyafunga kuwa fungu moja, ilikuwamo katika mfumo wa Unix tangu mwaka 1979, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya kanda za kuhifadhia kumbukumbu. Ni uzi ule ule wa mama yetu wa Kalinzi.

Basi, baada ya msiba ule tulikaa na Bodi na fundi, tukapanga mambo matano. Twayataja hapa ili yachapwe katika kijitabu hiki, na mpate kutuuliza nayo miaka ijayo.

Kwanza, kufunga mafungu. Msimu ukiisha na hesabu zake zikikubaliwa, vijifaili vya kila chama cha msingi hufungwa kuwa faili moja la msimu ule, pamoja na orodha ya yaliyomo na alama ya uhakiki ya kuonyesha kwamba fungu halikuharibika. Hatufungi Chama kizima katika fungu moja, maana mkungu ukioza wote huenda pamoja. Twafunga kwa chama na kwa msimu, na kila fungu lina nakala zaidi ya moja. Vijifaili vinavyobaki wazi ni vya msimu unaoendelea tu.

Pili, kupanga utaratibu wa kurudi. Nyumba ikiungua, mtu huwatoa watoto kwanza, kisha magodoro. Orodha ya malipo na daftari la hisa za wanachama hurejeshwa mbele ya kitu kingine chochote, kwa maana ni ndogo na ndizo zinazolipa watu. Stakabadhi za msimu huu hufuata. Picha za miaka iliyopita na filamu za mafunzo hungoja. Hatuiachii tena alfabeti itupangie nani alipwe lini.

Tatu, kuchukua taswira ya diski nzima. Mara moja kwa juma twanakili diski yote kama ilivyo, tokea mwanzo hata mwisho, bila kuuliza jina la faili hata moja. Nakala ya namna hii hurudi kwa mwendo wa mzigo mkubwa, kama dumu lililofungwa. Ubaya wake ni kwamba huchukua nafasi nyingi, na kutafuta humo kikaratasi kimoja ni taabu. Kwa hiyo haiondoi ile nakala ya kila usiku, bali husaidiana nayo.

Nne, kuweka nakala moja mahali pengine. Nchi yetu ni ya radi, na nakala iliyo chini ya paa moja na seva yaweza kufa siku moja nayo. Tarehe 10 Machi mwaka 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliteketea kwa moto mjini Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja waliopoteza kila kitu kwa kuwa nakala zao zilikuwa pale pale. Nakala yetu ya nje hufungwa kwa neno la siri kabla ya kutoka ofisini, kwa sababu humo mna majina, simu na fedha za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatuamuru kuyalinda.

Tano, na ndiyo kubwa kuliko zote, kufanya zoezi. Kila mwaka, kabla mizani haijafunguliwa, twachukua kompyuta nyingine iliyo tupu na kujaribu kurejesha kumbukumbu za Chama juu yake, kana kwamba seva imekufa kweli. Wanachama wawili, wasiokuwa wa Bodi wala wa ofisi, huwapo kama mashahidi. Huandikwa saa ya kuanza, saa ambayo orodha ya malipo ilionekana, na saa ya kumaliza. Kisha mashahidi huchagua wenyewe stakabadhi kumi za wakulima, na ofisi huzitafuta mbele yao. Nakala isiyopata kujaribiwa ni kama mtumbwi ambao haujapata kuingia majini: hakuna ajuaye kama unavuja.

Wako watakaosema ya kuwa haya ni mambo ya mafundi, na kwamba mkulima hana haja ya kujua habari za diski. Twaomba radhi kukataa. Fundi hutengeneza, lakini fundi hakai uwanjani na watu wanaongoja fedha zao. Yeye aliulizwa na sisi "nakala ipo?" akajibu ipo, kwa kuwa hilo ndilo tuliloliuliza. Hatukumwambia ya kuwa Chama hakiwezi kungoja zaidi ya siku moja. Kiasi gani Chama chaweza kungoja ni jambo la wenye Chama kuamua, yaani ninyi. Na gharama ya diski za pili na siku ya zoezi ni jambo la kupigiwa kura katika makisio, kama zinavyopigiwa magunia na mafuta ya gari. Hata wakaguzi wa COASCO wakija, hesabu isiyoweza kuonyeshwa kwa wakati huchelewesha kazi yao na kulitia jina la Chama doa. Nao mfumo wa MUVU, ulioletwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ili kusimamia vyama, hautuondolei wajibu wa kutunza sisi wenyewe vile vikaratasi vinavyotoka katika mizani yetu.

Kwa upande wenu, ndugu wakulima, tuna ombi moja. Kitunzeni kile kipande cha stakabadhi. Msikitumie kuwashia moto wala kufungia chumvi. Kifungeni kwa uzi, msimu na msimu wake, mkiweke mahali pakavu mbali na mchwa. Kipande hicho ni nakala ya akiba isiyohitaji umeme, na iko nyumbani kwako, mahali ambapo radi ya ofisini haifiki. Katika zile siku tano ndicho kilichosema kweli wakati sisi tulipokuwa hatuna la kusema.

Tunamaliza. Miaka kumi iliyopita wazee wetu walitoa viingilio na hisa zao wakati ambapo Chama kilikuwa jina tu, bila ghala wala mzani. Walituamini kwa neno. Amana hiyo haikai katika seva, lakini kumbukumbu zilizomo katika seva ndizo zinazoithibitisha kila msimu, mkulima mmoja mmoja, kilo moja moja. Basi, mkikutana katika Mkutano Mkuu ujao, na Katibu akisimama kuwaambia ya kuwa nakala ipo, msimwachie akae. Mwulizeni: itarudi kwa saa ngapi, mliijaribu lini, na mashahidi ni akina nani? Akiwa hana jibu, mwambieni arudi nalo kabla mizani haijafunguliwa. Sisi wenyewe ndio tunaowaomba mtuulize hivyo.